Kabla Hujaziamini Nyota Tano za Chakula cha Paka

Chakula cha paka cha dukani hapa Kampala ni ghali, na muuzaji husifia kila mfuko alio nao. Ndiyo maana wengi wetu tunaofuga paka huchungulia kwanza simu kuona wanunuzi wa nje wamekipa nyota ngapi mtandaoni. Nami huzisoma nyota hizo, ila nazichuja.

Sifa inayojirudia kuliko zote ni "paka wangu anakipenda sana". Haikuelezi chochote kuhusu lishe. Punje kavu hunyunyiziwa mafuta na vionjo ili paka azifakamie, kwa hiyo hamu ya kula ni kazi ya kiwanda. Mimi namsikiliza anayetaja umri wa paka wake, amemlisha chakula hicho miezi mingapi, na choo na manyoya yamekuwaje. Miezi ni muhimu mno. Paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho anachokihitaji mwilini, ya kumtosha. Ikipungua, macho na moyo huharibika polepole huku yeye akicheza kama kawaida. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani walipata ugonjwa wa moyo kwa upungufu huo. Mtu aliyetoa nyota tano baada ya wiki moja angeuonaje?

Kisha kuna kurasa zinazopanga vyakula kwa alama. Nyingi husoma orodha ya viambato tu, na baadhi hulipwa kamisheni ukibonyeza na kununua. Orodha yenyewe hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, maji yakiwemo. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo hukaa juu kirahisi.

Afadhali upige hesabu mwenyewe. Tuseme mkebe wa chakula chenye majimaji umeandikwa protini asilimia 10 na unyevu 78. Mfuko wa punje, protini 32 na unyevu 10. Ukitazama haraka, punje zimeshinda. Sasa ondoa maji: kwenye mkebe zinabaki sehemu 22, na 10 kati ya hizo ni protini, yaani kama asilimia 45. Kwenye punje ni 32 kati ya 90, karibu asilimia 36. Tafuta pia maelezo kwamba ni chakula kamili, na ni cha paka wa umri gani. Kilichoandikwa cha nyongeza hakifai kuwa mlo wa kila siku, hata kikiwa na nyota elfu. Na ukurasa ukidai chakula "kimeidhinishwa na AAFCO", uutilie shaka: chama hicho cha Marekani huweka viwango vya virutubisho, hakiidhinishi chakula chochote.

Jambo linalonikera zaidi ni hili la kupimiwa. Katika duka moja niliona gunia limeachwa wazi, jua la mchana likilipiga, muuzaji akichota punje kwa kikombe na kuzitia kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Zilinata vidoleni, zikinuka mafuta yaliyochacha. Nyota za mnunuzi wa Uingereza zilihusu mfuko uliofungwa, si punje zile. Ukipimiwa, mwombe muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe, usome tarehe ya mwisho na kiwanda lilikotoka. Akisita, nunua mfuko mdogo uliofungwa, hata kama kilo yake inakuwa ghali zaidi.