Pima joto la panya kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja wa uzamili kaniandikia: "Dada, dawa yangu inalinda ini, ALT imeshuka sana. Nianze kuandika makala?" ALT ni kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia. Moyo ulinidunda. Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyekuwa nauliza hivyo.

Nilikuwa nachunguza jeraha linalolipata ini damu inaporudi baada ya kuzuiwa. Unabana mishipa inayolisha sehemu ya kushoto na ya kati, kama asilimia 70 ya ini la panya, kwa dakika 60. Ini linapauka kama udongo wa mfinyanzi. Ukiachia kibano wekundu unarudi, unafurahi, kumbe ndiyo kwanza balaa linaanza: oksijeni inazikuta mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, zimejaa kemikali iitwayo saksineti, zinatema chembe kali za oksijeni, seli za Kupffer, walinzi wa ini, zinashtuka na kuziita neutrofili, seli nyeupe za damu.

Seli ina ngao yake. Siku zote protini iitwayo Keap1 huishika nyingine, Nrf2, na kuipeleka ikavunjwe. Chembe kali zikiigusa Keap1, Nrf2 inaponyoka, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kinga, ikiwemo ya HO-1, kimeng'enya cha kulinda seli. Niliamini dawa yangu inafanya kazi hiyo. Nikapiga simu nyumbani, mama akatoa sadaka.

Mwenzangu aliporudia jaribio, hakupata kitu. Tulihangaika wiki tatu hadi tukagundua: panya wa dawa niliwapasua asubuhi, mkeka wa joto ukiwa bado baridi. Panya aliyelala kwa nusukaputi hupoa upesi, na ini lililopoa hutumia oksijeni kidogo, hivyo huumia kidogo. Ndiyo maana ini la kupandikiza husafirishwa kwenye barafu. Msimamizi wangu alisema mbele ya wote, "Umetafiti baridi." Neno hilo bado linaniuma.

Nilianza upya. Kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, nyuzi 37, kila panya. Makundi kwa kura. Panya wa kulinganisha, wa kupasuliwa bila kubanwa mishipa. Nrf2 niliitafuta ndani ya kiini, maana kuipima kwenye seli nzima hakuonyeshi kama imeingia. Kinga ilibaki, ndogo, lakini ya kweli, na naitetea popote.

Jamani, tuache haraka. Kuna wagonjwa wanaosubiri ini, na daktari wao atasoma tulichoandika. Pima joto. Pima tena.

Mdogo wangu, nitumie daftari lenye joto la kila panya. Kama hukuandika, kesho washa mkeka mapema.