Maswali ya cherehani na kaskazi: leso za watoto, kofia ya baba na wageni wa mwezi wa saba

Shule zishafungwa, huko Mokowe boti za kuja kwetu Lamu zinajaa watoto na mabegi toka asubuhi, na simu yangu haipoi kwa maswali. Mengi ni yale yale, nishone nini cha zawadi, na hawa watoto ntawafanya nini nyumba nzima na joto hili la msimu wa upepo wa kaskazi. Nimeokota machache niyajibu hapa, yale ya "deraa unashona shilingi ngapi" siyajibu, njoo tukatane maneno uso kwa uso.

"Bi fundi, dadangu anashuka na watoto wake wanne kutoka Nairobi, na wangu ni wawili, jumla sita. Nataka kila mmoja apate kitu nilichokishona mwenyewe lakini pesa sina. Nifanyeje?" (mama wa Langoni)

Nunua doti moja ya leso, yaani leso mbili pacha, ishaisha hiyo. Doti moja inatoa mikoba sita ya kwendea pwani na kitambaa chote kinatumika, hesabu yenyewe ni hii. Leso niliyoipima juzi ilikuwa sentimita 150 kwa 110, zinatofautiana kwa hivyo pima ya kwako kwanza, na ifue kabla hujatia mkasi maana leso mpya ina wanga na ikiingia majini inarudi, ukishona kabla ya kufua mkoba utakuja kupinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Haya, urefu wa 150 ukate vipande vitatu vya 45, upana wa 110 ukate viwili vya 50, ushapata vipande sita yaani mikoba mitatu, na leso ya pili mitatu mengine. Kinachobaki pembeni usitupe. Utakuwa na ukanda wa 15 kwa 110, huo upasue katikati upate mikanda miwili, na ukanda mwengine wa 10 kwa 135, huo ni wa tatu. Kila mkanda ukunje mara nne uupige cherehani. Mikoba mitatu, mikanda mitatu, kama ilipangwa. Yule mrefu kati yao mpe ule ukanda wa 135.

Bitana usitie. Najua utataka kutia ili uonekane fundi, lakini mchanga wa ufuko wa Shela ukishaingia kati ya bitana na leso hautoki mpaka Ramadhani. Piga mshono wa kuficha badala yake, kwanza weka vipande viwili migongo ikitazamana, uso wa leso uko nje, shona karibu na ukingo, punguza nyuzi zilizochomoza, kisha geuza ndani nje na upige mshono wa pili ulioufunika ule wa kwanza. Ndani hakuna uzi unaoning'inia na mkoba unafuliwa mpaka uchoke wewe. Na toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mnajua wenyewe tabu ya kubeba nguo mbichi za watoto sita kutoka baharini, sasa kila mtu abebe zake.

Jambo moja tu ulichunge, JINA, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Ukikata hivi maneno ya leso yanaangukia kipande cha chini cha katikati, na yakiwa marefu mkasi unayala huku na huku. Mimi yalinikuta. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimshonea mama mkwe foronya mbili za leso, nzuri mashallah, leso ilikuwa imeandikwa *Japo sipati tamaa sikati*. Nikakata bila kuangalia. Foronya moja ikatoka na nusu ya kwanza. Mama mkwe kalalia mto ulioandikwa JAPO SIPATI kwa muda wa wiki nzima, na mimi ndiye mke wa mwanawe, wageni wakija kumwamkia wanasoma, hakuna aliyesema kitu mpaka wifi yangu akanivuta uwani akaniuliza kwani kaka hakupi nini. Kwa hivyo tandika leso sakafuni, soma, chora kwa chaki, soma tena, ndio ukate.

"Mama, mimi ni kijana wa Mkomani, arusi ya dadangu ni wiki mbili zijazo na nataka kumshonea babangu kofia ya vito kwa mkono wangu. Nimeshika sindano mara mbili tatu. Ntaiwahi?"

Huiwahi, mwanangu, usijidanganye. Hata walio wajuzi, kofia moja safi huwachukua wiki kadhaa na nyengine miezi, maana ni tobo moja moja, unatoboa kisha unalizungushia uzi mpaka likaze, halafu la pembeni yake, halafu la pembeni yake, na ukiharakisha linaonekana tu, kofia iko juu ya kichwa cha mtu kila mtu anaitazama. Ndio maana bei yake ukiisikia unashtuka, si kitambaa unachonunua, ni macho ya mtu.

Lakini nia yako naipenda na baba atavaa kikoi siku hiyo ama siku ya pili, sasa fanya hivi. Nunua kikoi kizuri ambacho ncha zake hazijasokotwa, umsokotee matamvua wewe mwenyewe. Tenga nyuzi mafungu mawili yaliyo sawa, kila fungu lisokote kwa vidole upande wa kulia mpaka lianze kujikunja lenyewe, kisha yaweke pamoja uyaachie yazungukane kuelekea kushoto. Yatashikana yenyewe kama kamba. Funga fundo chini, kata zilizozidi. Yakisokotwa upande ule ule mara ya pili pia, yatafumuka, hapo ndipo wengi hukosea wakasema kikoi kibovu. Jioni mbili tatu barazani baada ya isha unamaliza ncha zote mbili, na ukiwa na wenzako wa kupiga nao soga hata hujui umemaliza saa ngapi.

Na kofia ianze leo leo, polepole, umpe Maulidi ya Mfungo Sita. Pale msikiti wa Riyadha watu wakijaa ndipo kofia ya mkono inapopata heshima yake. Tafuta mzee anayeshona ukae karibu yake, mimi ni wa cherehani, kofia naitazama tu kama wewe.

"Wifi yangu anaishi Ujerumani, anakuja na mume na watoto mwezi wa saba, anasema ni samer, kiangazi, kwa hivyo watakuwa baharini kila siku. Nataka nimshonee kitu cha kuvaa na kingine cha kurudi nacho. Unanishauri nini?" (wa Shela)

Kwanza mwambie ukweli kuhusu hiyo samer. Yao ni ya kwao. Mwezi wa saba kwetu ni msimu wa kusi, upepo unavuma, bahari ya nje imechafuka, na jioni hata sie wenyewe tunajifunika. Joto lile la watu kulala juu ya dari ni la Januari mpaka Machi, kaskazi ikiwa imekolea. Sisemi wasije, mimi binafsi naupenda mji wakati wa kusi, unapumua, lakini mtu aliyejipangia kulala mchangani kutwa atapigwa na chembe za mchanga usoni akasema tulimdanganya.

Kwa hivyo cha kuvaa mshonee mtandio mkubwa wa voili, kile kitambaa chepesi, mita mbili, unajifunika kichwa, unajifunika mabega, mtoto akilala boti unamfunika. Pembe zake pinda kwa mkono, lowesha kidole, viringisha ukingo uwe mwembamba kama uzi wa tambi kisha ushike kwa sindano nyembamba, cherehani kwa voili inautafuna tu. Cha kurudi nacho mshonee vijifuko vidogo vya vipande vya leso, kiasi cha kiganja, tia karafuu kavu na ufunge. Ataweka kabatini kati ya nguo na kila akifungua ananusa kwetu. Asumini usitie, najua ndio roho yako inavyotaka, lakini asumini mbichi ndani ya kitambaa inaoza na inaacha doa la rangi ya chai.

Na kuhusu kuwatembeza, ule ufuko wetu wa Shela ni kilomita kama 12 za mchanga lakini mwezi wa saba watoto wasiojua bahari waogelee huku ndani kwenye mlango wa bahari, upande wa nje mkondo una nguvu. Siku moja wapelekeni magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, msikiti wa kale na lile kaburi lenye nguzo, mji ulioachwa karne ya 17. Ila mwulizeni nahodha maji kwanza! Ile njia ya mikokoni inaingilika maji yakijaa, yakipwa mnakwama kwenye matope na wageni na vyakula, na jua la kukwama halina kusi wala kaskazi.

"Nashona mabegi ya kitambaa cha tanga kuukuu la jahazi, cherehani yangu inaruka mishono na juzi imevunja sindano tatu. Niuze cherehani?"

Usiuze. Badili sindano. Umetia ile ya nguo za kawaida namba 14, kwa tanga tia 16 ama 18, uzi wa polista na sio wa pamba maana wa pamba ukikaa juani na kwenye chumvi unakufa haraka, legeza mshono uwe mrefu, na pale kitambaa kikikutana mara nne usikanyage, zungusha gurudumu kwa mkono. Tanga lenyewe lifue mara mbili kwa maji matamu kabla ya kushona, chumvi iliyo ndani yake ndiyo inayokula chuma. Na sindano usiziache wazi, hewa yetu hii wiki moja tu zishashika kutu, mimi zangu nazichoma kwenye kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya cherehani ndani ya kopo la mfuniko.

"Nina binti wa miaka minane na mvulana wa tisa, nataka niwafundishe kushona likizo hii badala ya simu. Mama mkwe anasema mvulana asishike sindano, ni mambo ya wanawake. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?"

Usimjibu, shoga. Mpigie pasi kanzu ya mzee kisha muulize kwa upole, "mama, kanzu hii aliishona nani?" Hapa mjini mafundi wa cherehani wa kiume wamejaa, matanga ya majahazi yanashonwa na wanaume, na wazee wa kofia nshawataja hapo juu. Akinyamaza wewe nawe nyamaza, usiongeze neno, mtoto ataendelea.

Kuwafundisha, usianze na cherehani. Anza na kipande cha kikoi kuukuu chenye mistari, sindano nene, uzi wa rangi inayoonekana, na uwaambie wapige bandi, ule mshono wa mkono wa juu na chini, kufuata mstari. Ule mstari ndio mwalimu, mtoto anaona mwenyewe ametoka nje. Ukimpa kitambaa cheupe atakwenda kombo, utamkaripia, na siku ya pili anataka simu. Mpe na kastabini, ile kofia ya kidole, hata kama ni kubwa, watoto wanaipenda kwa kuwa ni kama silaha. Robo saa, nusu saa, waache wakacheze. Ikifika wiki ya pili wanaweza kushona mto mdogo wa bibi yao, mtie sufi ndani, na hapo nataka uwe na subira kwa sababu sufi itaruka nyumba nzima mpaka puani mwa paka, fanyieni uwani siku isiyo na upepo. Mto wa sufi haufuliwi, unaanikwa tu juani, kwa hivyo foronya iwe ya kuvuliwa. Na huo mto wa kwanza, ule wa mvulana hasa, apewe mama mkwe, mtoto mwenyewe aupeleke kwa mikono yake. (Uwe na jina zima, tafadhali.)

"Tukienda pwani na familia chakula kinajaa mchanga na nzi. Kawa ya ukili inapeperuka. Kuna cha kushona?"

Kipo. Kata wavu mwembamba, kile kitambaa cha chandarua kilichobaki, mraba wa mita moja, pinda ukingo na kila pembe na kila katikati ya ukingo shonelea simbi ama shanga nzito, nane jumla. Uzito unaishikilia, upepo unapita ndani. Kwa jagi la juisi ya ukwaju fanya kidogo cha duara hivyo hivyo, zile za kufuma za bibi zetu zilikuwa na shanga pembeni kwa kazi hiyo hiyo. Viazi vya karai msivifunike vikiwa moto, vinalowa. Na ukwaju mwaka huu niwekeeni gilasi moja, nakuja Jumapili.