Panga Kuanzia Mwisho: Ushauri kwa Anayetaka Kuendesha Pikipiki kutoka Asia hadi Ulaya

Anayepanga kuendesha pikipiki kutoka Asia hadi Ulaya kwa kawaida huanza na pikipiki yenyewe: ukubwa wa injini, aina ya masanduku ya mizigo, matairi ya kufunga. Ni jambo linaloeleweka, kwa sababu pikipiki inashikika na inaonekana, na kuizungumzia kunampa mtu furaha ya safari kabla ya safari. Hata hivyo, baada ya kuipita njia hiyo kutoka India hadi Bulgaria, na baada ya kuwasaidia wengine kupanga safari zao, ninashauri swali la pikipiki lisogezwe karibu na mwisho wa orodha. Kinachoamua kama utafika ni viza, karatasi za forodha na msimu, na mambo hayo hupangika vizuri zaidi ukianzia Ulaya na kurudi nyuma hadi siku ya kuondoka.

Chukua viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa wenye pasipoti zinazodaiwa viza hiyo, na wengi wetu tumo, ombi hupelekwa kwa ubalozi unaohudumia nchi unamoishi kihalali, wala halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Maana yake ni kwamba msafiri anayetumaini kuiomba Istanbul, akiwa amekwisha kuivuka Asia, anaweza kuelezwa kwamba ombi lake ni la kupelekwa nyumbani. Viza yenyewe huruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, nayo hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Zamani wasafiri walikuwa wakipumzika Bulgaria au Romania bila siku hizo kuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi hizo mbili zimo ndani ya Schengen kikamilifu, hata kwenye mipaka ya ardhi. Kwa hiyo mimi niliandika tarehe ya kuingia Ulaya juu kabisa ya ukurasa, kisha nikashuka: chini yake Uturuki, chini yake Iran, halafu Pakistan, na kila nchi nikaipa siku zake pamoja na siku za akiba. Nilipofika chini ya ukurasa ndipo nilipoijua tarehe ya kuondoka.

Baada ya hapo chagua njia, na uichague kwa kuzingatia mambo yalivyo leo, si yalivyokuwa kwa wasafiri waliokutangulia. Njia ya kusini, inayopita India, Pakistan, Iran na Uturuki, ndiyo fupi. Kutoka Delhi hadi Istanbul ni zaidi ya kilomita 6,000. Lakini kivuko cha Attari na Wagah, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilikuwa mlango wa wasafiri wa barabara kati ya India na Pakistan, kilifungwa mwaka 2025 baada ya uhusiano wa nchi hizo kuharibika, na anayeitaka njia hiyo analazimika kufikiria kuipeleka pikipiki Pakistan kwa meli au kuianzia safari huko huko. Mbele yake upo mkoa wa Balochistan, Pakistan, ambako zaidi ya kilomita 600 za jangwa kati ya Quetta na Taftan, mji wa mpakani na Iran, huendeshwa chini ya ulinzi wa askari. Nilipopita huko, askari walibadilishana kutoka kituo hadi kituo, kila kituo kikiwa na daftari lake la kujaza na muda wake wa kusubiri gari linalofuata la ulinzi. Mahali pa namna hiyo hapapimwi kwa kilomita. Anayehesabu kwamba ataendesha kilomita 300 kwa siku kwa sababu barabara ni nyoofu ataharibu kalenda yote inayofuata, ilhali askari wale wanafanya kazi ya kumlinda.

Iran nayo inahitaji kutafakariwa kwa uzito. Kabla ya kuiweka kwenye ratiba, soma maonyo ya usalama yanayotolewa na serikali mbalimbali na uyachukue kama yalivyo, kwa sababu hali ya eneo hilo imebadilika sana katika miaka ya karibuni. Kadi za benki za kigeni hazifanyi kazi kule kutokana na vikwazo vya kifedha, hivyo fedha zote za matumizi huingia nawe zikiwa taslimu, dola au euro, noti safi zisizochanika. Pia kumbuka kwamba sheria za Iran zimekuwa zikizuia pikipiki zinazozidi cc 250 barabarani, na katazo hilo limewahi kuwagusa hata wageni wanaopita. Mwenye pikipiki kubwa athibitishe kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Njia ya kaskazini ni ndefu, ni ngumu zaidi kwa mwili, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Hupanda barabara ya Karakoram kutoka Pakistan hadi kivuko cha mlimani cha Khunjerab, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,700, huingia China, hutokea Kyrgyzstan, kisha huendelea kupitia Tajikistan, Uzbekistan na Kazakhstan. China hairuhusu chombo cha kigeni kuzurura peke yake. Ni lazima uwe na mwongozaji wa wakala wa safari aliyeidhinishwa, leseni ya muda ya Kichina na namba ya muda ya pikipiki. Gharama yake ni kubwa kwa mtu mmoja na hupungua sana kwa kikundi, hivyo tafuta wenzako wa kuvuka nao miezi kadhaa mapema. Tajikistan hudai kibali cha ziada kwa mkoa wa Gorno-Badakhshan, ambao barabara ya Pamir, M41, hupita ndani yake na kupanda hadi mita 4,655 pale kwenye kivuko cha mlimani cha Ak-Baital.

Kutoka Kazakhstan kuelekea magharibi ndipo penye fundo. Meli zinazovuka Bahari ya Caspian kwenda Azerbaijan ni za mizigo kwa kiasi kikubwa, huondoka zinapojaa na si kwa saa iliyotangazwa, na Azerbaijan yenyewe iliifunga mipaka yake ya ardhi kwa wasafiri mwaka 2020, kisha ikawa inaongeza muda wa katazo hilo mara kwa mara. Njia mbadala hupita Urusi na kushuka Georgia kwa kivuko cha Verkhny Lars, ambacho hufungwa theluji inapozidi. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazijafanya kazi huko tangu Machi 2022, kwa hiyo suala la fedha taslimu hurudi tena. Shikilia njia moja uliyoipanga kwa undani, lakini uwe na ya pili ambayo angalau viza zake unajua hupatikana vipi.

Msimu ndio usiokubali kujadiliwa. Mvua za monsuni hunyesha India kuanzia Juni hadi Septemba, jangwa la Balochistan na mashariki ya Iran huwaka wakati huo huo, na nyanda za juu za mashariki ya Uturuki, ambako mji wa Erzurum uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hubaki na barafu barabarani hadi majira ya kuchipua. Kwa njia ya kusini, basi, ni busara kuondoka Asia ya Kusini Februari au Machi na kufika mpaka wa Uturuki Aprili au Mei. Njia ya kaskazini hudai kinyume chake: milima ya Pamir hupitika kwa raha kati ya Juni na Septemba, na ukichelewa hapo unaigeuza safari kuwa mapambano na baridi. Huwezi kuchukua njia moja na msimu wa nyingine.

Sasa karatasi, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapovunjika. Karneti, au kwa jina lake kamili Carnet de Passages en Douane, ni kitabu cha forodha kinachoahidi kwamba pikipiki unayoiingiza utaitoa. Hutolewa na chama cha magari cha nchi ilikosajiliwa pikipiki, hudumu mwaka mmoja, na hudhaminiwa kwa fedha ambazo kiwango chake hutegemea thamani ya pikipiki pamoja na nchi utakazopita. India, Pakistan na Iran ni miongoni mwa nchi zinazoitambua na kuidai, ilhali Asia ya Kati na Uturuki hutumia kumbukumbu zao wenyewe za kuingiza chombo kwa muda. Kila ukurasa wa karneti una sehemu tatu: moja hukatwa na forodha unapoingia, nyingine hukatwa unapotoka, na ya tatu hubaki kitabuni ikiwa na mihuri yote miwili. Usiondoke dirishani kabla ya kuusoma muhuri huo mwenyewe, tarehe na jina la kituo, hata kama afisa ana haraka na foleni nyuma yako inanung'unika. Muhuri wa kutoka usipokuwepo, nchi hiyo inaweza kudai ushuru kana kwamba uliiuza pikipiki ndani yake, na deni hilo hurudi kwenye dhamana yako.

Kwa nchi zisizotumia karneti, tofautisha muda wako na muda wa pikipiki. Viza inaweza kukuruhusu kukaa siku nyingi kuliko kibali cha forodha, na faini hutozwa kwa kile kilichokwisha mapema. Kyrgyzstan, Kazakhstan na Urusi zimo katika eneo moja la forodha pamoja na Armenia na Belarus, hivyo kibali ulichopewa kwenye mpaka wa kwanza huendelea kuhesabiwa ukivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine ndani ya eneo hilo, na karatasi yake itunzwe kama pasipoti. Ongeza leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, na uhakikishe kwamba bima yako ya matibabu inamgharimia mwendesha pikipiki wa ukubwa wa injini yako, kwa kuwa sera nyingi hukomea kwenye injini ndogo na kifungu hicho huandikwa kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma.

Kuhusu pikipiki nitasema machache. Chagua ile unayoweza kuinua peke yako ikiwa imeanguka na mizigo yote, na ambayo umekwisha kuifungua kwa mikono yako. Nyepesi ya cc 250 hadi 450 inatosha kabisa. Juu ya mita 4,000 hewa nyembamba huiondolea injini yoyote sehemu kubwa ya nguvu zake, na yenye kabureta hulemewa na mafuta mengi kuliko hewa, ikatoa moshi na kugoma kuwaka asubuhi. Uzbekistan petroli ya oktani 80, yaani ya kiwango cha chini, imekuwa ya kawaida kwa muda mrefu, na magari mengi yanatumia gesi, kwa hiyo jaza tanki kila unapokuta mafuta mazuri badala ya kusubiri taa iwake. Beba tyubu, plagi, waya wa klachi, pedi za breki, viungo vya cheni na vifaa vya kuziba pancha. Tairi mpya la nyuma panga kulipata mahali mahususi unapopajua, kwani njia nzima ni zaidi ya maisha ya tairi moja.

Mwili nao uwekewe ratiba yake. Kilomita 250 hadi 300 kwa siku ni nyingi za kutosha kwenye barabara hizi, siku ya mpaka isihesabiwe kilomita hata moja, na kila baada ya siku chache iwepo siku ambayo pikipiki haiwashwi kabisa. Kutoka Osh hadi Sary-Tash, nchini Kyrgyzstan, barabara hupanda kutoka takriban mita 1,000 hadi zaidi ya mita 3,100 kwa mwendo wa nusu siku tu, na kichwa kinachouma jioni ya siku hiyo ni onyo la kusikilizwa. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na dalili zikizidi dawa iliyo bora kuliko zote ni kushuka. Usiendeshe usiku. Malori yasiyo na taa na mifugo inayolala juu ya lami yenye joto utaikuta karibu kila nchi ya njia hii.

Aliyezoea upande wa kushoto ajiandae kwa Mirjaveh, kituo cha mpaka cha Iran, ambako akitoka Pakistan anaingia upande wa kulia, na hubaki upande huo hadi Ulaya yote ya bara. Hatari haiko dakika za kwanza, maana hapo kila mtu yuko macho. Iko asubuhi ya pili au ya tatu, unapotoka kituo cha mafuta kisicho na gari jingine lolote la kukukumbusha. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huwamulika wanaokuja, hivyo irekebishwe au izibwe sehemu inayohusika kabla ya kufika Kapıkule, mpaka wa Uturuki na Bulgaria. Hapo hapo ndipo unapodaiwa bima ya chombo inayotambulika Ulaya, iwe ni kadi ya kijani uliyokuja nayo au bima ya mpakani.

Mwisho wa barabara nao upangiwe bajeti tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya humruhusu mgeni kubaki na chombo chake bila ushuru kwa miezi 6, na kukiuza bila kukilipia ushuru hakuruhusiwi. Omba bei ya usafiri wa meli kabla hujaondoka Asia, si ukiwa umeishiwa fedha bandarini. Pikipiki ikishafika nyumbani, forodha ya nchi yako huthibitisha kurudi kwake, karneti hupelekwa kwa chama kilichoitoa, na wao huikagua ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuiachia dhamana yako.