Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Sauti Ndani ya Kompyuta ya Mezani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinafanana: kadi ipo, kompyuta ipo, lakini kurekodi hakuendi. Tumechagua sita.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimepata kadi ya sauti ya PCIe, ina matundu mawili ya kuingizia sauti na mawili ya kutolea. Sijawahi kufungua kompyuta hata siku moja na naogopa kuunguza kitu. Naombeni maelezo tangu kuzima mpaka kurekodi.

JIBU: Kabla hujashika bisibisi, kuna mambo mawili ya kufanya kompyuta ikiwa bado inawaka. Pakua draiva ya kadi (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) kutoka kwa mtengenezaji wake na uhakikishe ni ya biti 64. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo jingine zaidi ya hilo. Halafu fungua kitabu cha mazabodi yako, ubao mkuu wa kompyuta, utazame mchoro wa sloti, zile nafasi za kuchomekea kadi. Baadhi ya mazabodi hugawa njia za data kati ya sloti ya M.2 (ya kuchomekea diski ya SSD) na sloti fulani ya PCIe, aina ya sloti ambayo kadi yako inaingia, kiasi kwamba ukiweka SSD kwenye M.2, ile ya PCIe inazimwa. Usipojua hilo utahangaika na kadi nzima ukidhani imekufa.

Sasa zima kompyuta kwa njia ya kawaida, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama tano. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka. Kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa huendelea kupeleka volti 5 za kusubiri kwenye mazabodi, na hata ukishachomoa, kapasita hubaki na chaji. Kitufe kinaimaliza.

Hofu yako ya kuunguza kitu ina msingi, ila adui ni umeme tuli wa mwilini mwako. Binadamu huanza kuuhisi ukifikia volti 3,000 hivi, wakati chipu inaweza kuharibika kwa volti mia kadhaa tu, bila cheche wala mlio. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kuitoa kadi kwenye mfuko wake, na urudie kugusa kila unapotoka na kurudi. Shika kadi kwa kingo zake. Meno ya dhahabu yasiguswe na vidole.

Katika kuchagua sloti, urefu wake usikusumbue. Kadi fupi ya x1 (yenye njia moja ya data) inaingia na kufanya kazi kwenye x1, x4, x8 au x16. Sauti ni mzigo mdogo: chaneli 8 za biti 24 kwa kiwango cha sampuli cha 96 kHz ni takriban MB 2.3 kwa sekunde, na njia moja ya PCIe ya kizazi cha kwanza kabisa inabeba MB 250. Kinachohitaji akili ni umbali. Weka kadi mbali na kadi ya grafiki uwezavyo, na isikae chini ya feni zake, maana pale kuna joto na kelele za umeme kwa pamoja.

Ondoa kibati cha nyuma kinacholingana na sloti uliyochagua, utunze skrubu yake. Shusha kadi wima. Ncha ya chini ya kibati cha kadi lazima ipite kati ya ukingo wa mazabodi na ukuta wa kasha, na hapa ndipo wengi hukwama, wakadhani sloti ni ngumu na kuanza kusukuma kwa nguvu. Ikigoma, inua, tazama ile ncha imegonga wapi, rudisha. Ikishakaa sawa, kandamiza kwa vidole gumba viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, mpaka meno ya dhahabu yazame usawa mmoja.

Kaza skrubu huku ukiitazama kadi. Kwenye kasha lililopinda kidogo, kukaza kibati huinua upande wa pili wa kadi utoke kwenye sloti kiasi cha unene wa kucha. Kiasi hicho kinatosha kuifanya isionekane, au ionekane leo na kupotea kesho. Ukiona inainuka, legeza na ukinyooshe kibati kwa koleo. Na tumia skrubu ileile uliyoitoa. Za kasha huwa na uzi mpana, wakati skrubu za M3 zinazofungia diski za SSD zina uzi mwembamba. Ukizilazimisha utaliua tundu.

Kama kadi ina tundu lake la umeme, unganisha waya kutoka pawa saplai. Baadhi huonekana vizuri kabisa kwenye Windows bila waya huo lakini hazitoi sauti.

Usifunge kasha bado. Washa, weka draiva, kisha fungua Meneja wa Vifaa. Kadi yenye alama ya pembetatu ya njano ina tatizo la draiva. Kadi isiyoonekana kabisa ni suala la sloti: imekaa vibaya, haina umeme, au imezimwa na ile SSD ya M.2. Ikishafanya kazi, na si kabla, unaweza kuingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) na kuizima sauti ya mazabodi. Si lazima, lakini inapunguza mkanganyiko wa programu kukimbilia kifaa kisicho chako. Kwenye programu ya kurekodia chagua ASIO ya kadi yenyewe (aina ya draiva ya kurekodia isiyochelewesha sauti sana), weka biti 24, na kiwango cha 44.1 au 48 kHz. Sauti za Windows, zile za arifa na barua pepe, zielekeze kwenye kifaa kingine zisije zikaruka katikati ya wimbo.

SWALI: Nina kadi ya PCI ya zamani, bado nzima. Kompyuta mpya haina sloti yake. Je, inaweza kuingia kwenye PCIe?

JIBU: Haiingii, na usiilazimishe. Majina yanafanana lakini ni teknolojia mbili: PCI hupeleka data kwenye nyaya nyingi sambamba, PCIe huipeleka mfululizo. Vipo vibao vya kugeuza vyenye chipu ya daraja, ila huinua kadi juu hadi kibati chake kisilingane na kasha, na kwa kurekodi matokeo yake hayatabiriki. Mtego mkubwa zaidi ni draiva. Kadi nyingi za kizazi hicho ziliachwa na watengenezaji wao enzi za Windows XP au Windows 7. Kwenye Linux hali ni nafuu: kadi zenye chipu ya ICE1712, kama M-Audio Audiophile 2496, bado zina draiva ndani ya ALSA, mfumo wa sauti wa Linux. Ushauri wetu ni uitafutie kompyuta ya rika lake, au uachane nayo.

SWALI: Kadi inaonekana na inarekodi, lakini nikiimba najisikia kwenye hedifoni nimechelewa. Nikipunguza bafa, sauti inajaa mikwaruzo. Tatizo ni kadi?

JIBU: Uwezekano mkubwa si kadi. Bafa ni idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia kwa mkupuo. Kwa 48 kHz, bafa ya 64 ni milisekunde 1.3, 128 ni 2.7, 256 ni 5.3; na 1024 ni 21.3. Hiyo ni kwa kuingia tu. Sauti inapotoka hulipa tena kiasi hicho, halafu vigeuzi (vinavyobadilisha sauti kuwa namba na kuirudisha) na draiva huongeza chao. Kwa 256, basi, safari nzima huvuka milisekunde 10, na mwimbaji aliyevaa hedifoni huanza kusumbuka kuanzia hapo.

Wakati wa kurekodi tumia 128 na uzime madoido mazito, hasa yale ya kumalizia mchanganyo, ambayo yenyewe huchelewesha sauti ili yaweze kuitazama mbele. Wakati wa kuchanganya panda hadi 1024. Pale hakuna anayejisikiliza akiimba. Afadhali zaidi, kama kadi yako inaruhusu usikilizaji wa moja kwa moja, utumie. Sauti inatoka tunduni kwenda hedifoni bila kupitia programu, na bafa haikuhusu tena. Ila nyamazisha usikilizaji wa ule mkondo ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili.

Sasa mikwaruzo. Panda hadi 1024 usikilize. Ikiisha, ilikuwa bafa ndogo kwa mzigo mkubwa. Ikibaki, kuna draiva nyingine inayoishika prosesa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, na mtuhumiwa wa kwanza siku zote ni Wi-Fi. Programu ya LatencyMon huonyesha kwa jina draiva inayochelewesha. Iache itembee dakika kumi hivi. Zima Wi-Fi unaporekodi, chagua mpango wa umeme wa utendaji wa juu, na ndani ya mipangilio yake ya kina uzime uokoaji umeme wa PCI Express. Huo wa mwisho huilaza njia ya kadi kila inapotulia, na kuiamsha kuna gharama.

SWALI: Nimenunua maiki ya kondensa na waya wa kutoka XLR kwenda jeki ndogo, nikachomeka kwenye tundu la pinki. Hakuna sauti, au kuna mnong'ono na mvumo mwingi. Nimeuziwa maiki mbovu?

JIBU: Maiki yako haijapata umeme. Kondensa ya studio huhitaji volti 48 zinazopita kwenye kebo ya XLR yenyewe, ile ya pini tatu. Tundu la pinki hutoa volti chache tu, za maiki ndogo za kompyuta. Unachokosa ni priampu (kikuza sauti cha maiki) yenye volti 48, kisha priampu ndiyo iingie kwenye kadi kupitia tundu la laini, ambalo kwa kawaida ni la bluu.

Kuna mtego wa kebo hapo. Priampu nyingi zina jeki kubwa yenye sehemu tatu, ambayo hutoa sauti moja iliyosawazishwa: waya mmoja unabeba wimbi, wa pili unabeba wimbi hilohilo lililogeuzwa. Ukitumia kebo ya stereo kuiingiza kwenye tundu la stereo, upande wa kushoto unapata wimbi na wa kulia kinyume chake. Kwenye hedifoni itasikika pana na ya ajabu kidogo. Siku mtu atakapoicheza kwenye simu yenye spika moja, pande mbili zitafutana na mwimbaji atatoweka, zibaki ala. Tumia jeki ya sehemu mbili upande wa priampu (soma kwanza kitabu chake kama inaruhusu), na urekodi mkondo wa mono.

Angalia pia kiwango cha laini, yaani nguvu ya sauti inayotoka kwenye priampu kwenda kwenye kadi. Vifaa vya studio hufanya kazi kwa +4 dBu, yaani volti 1.23, vya nyumbani kwa -10 dBV, yaani volti 0.316. Tofauti ni karibu desibeli 12. Kadi nyingi za kurekodi zina mahali pa kuchagua. Ukichagua -10 wakati priampu inatoa +4, sauti itapasuka huku mita ya priampu ikionekana salama. Ukikosea kinyume chake, itaingia ndogo na utaipandisha pamoja na mvumo wake. Kilele kikicheza karibu na -12 kwenye mita ya programu, tosheka. Kwa biti 24 hakuna faida ya kuisogelea sifuri, kikomo cha mita.

SWALI: Spika zinanguruma muda wote, na nikisogeza mausi nasikia kamlio kembamba. Nifanye nini?

JIBU: Hizo ni kelele mbili. Mngurumo mzito usiobadilika ni wa umeme wa nyumba, 50 au 60 Hz, unaozunguka kati ya ethi (waya wa ardhini) ya kompyuta na ethi ya spika. Kamlio kanakofuata mausi kanatoka kwenye kadi ya grafiki na mazabodi.

Chomoa spika, vaa hedifoni moja kwa moja kwenye kadi. Kama vyote vimenyamaza, kadi haina kosa: kamlio nako kalikuwa kanapita kwenye mzunguko uleule wa ethi. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, tumia kebo zilizosawazishwa kama pande zote zinazikubali, au weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Kukata au kuziba pini ya ethi hunyamazisha mngurumo kweli, lakini hitilafu moja ndani ya kifaa inatosha kufanya kasha la chuma liwe na umeme wa kuua. Usifanye.

Kama kamlio kamebaki kwenye hedifoni, hamisha kadi kwenye sloti iliyo mbali zaidi, na usogeze mbali nyaya za umeme zinazoilalia.

SWALI: Natumia tundu la dijitali la S/PDIF kuingiza sauti kutoka kwenye kifaa kingine. Rekodi ni safi, ila kila baada ya sekunde chache kuna "tik". Kebo nimeshabadilisha.

JIBU: Kebo haina hatia, ingawa nayo inapaswa kuwa ya omu 75 na si waya wa RCA wa kawaida. Vifaa vyako viwili kila kimoja kinafuata saa yake. Vyote vimeandikwa 48 kHz, lakini hakuna saa mbili zinazolingana kabisa, hivyo baada ya muda sampuli moja huzidi au kupungua, na hapo ndipo unaposikia "tik". Fungua paneli ya kadi, sehemu ya chanzo cha saa, ubadilishe kutoka ya ndani kwenda S/PDIF. Kifaa kinachotuma kibaki kwenye saa yake ya ndani. Kisha hakikisha programu imewekwa kiwango kilekile cha kifaa kinachotuma. Rekodi ya 44.1 ikisomwa kama 48, itakimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti ya mwimbaji itapanda juu ya ufunguo wake.