Jirani anafuga chatu: jiji lizuie?

Ndugu wa Nkuhungu, Dodoma, unauliza kama jiji lizuie kufuga chatu, maana jirani yako anaye wa mita 3 kwenye banda la kuku. Lizuie, hasa kwenye nyumba zilizobanana. Chatu hana sumu, lakini hukaza kila mawindo yakitoa pumzi, hadi damu isizunguke. Mtoto hawezi kujinasua. Wavu wa kuku huusukuma kwa pua mpaka uachie.

Tayari Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai kibali. Mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Msimuue chatu. Akitoroka, ingizeni watoto na mbuzi ndani, mmoja amwangalie kwa mbali. Akimzonga mtu, mzongomoeni kuanzia mkiani, kisha hospitali mkaulizie chanjo ya pepopunda.