Kwa nini 561 hujifanya nambari tasa?

Swali: Ninasomea uundaji wa programu za kompyuta katika chuo kimoja hapa Nairobi. Programu yangu ya kutambua nambari tasa huchukua nambari n, hupandisha 2 hadi kipeo cha n − 1, kisha hugawanya kwa n; baki likiwa 1, hutangaza kuwa n ni tasa. Imeipitisha 561. Nimejaribu 5, 7, 10 na 13 badala ya 2, na baki ni 1 kila mara. Kasoro iko wapi?

Jibu: Programu yako imekokotoa sawasawa. Kanuni uliyoitegemea, ambayo mwanahisabati Fermat aliieleza mwaka 1640, inasema kuwa n ikiwa tasa, na nambari unayoipandisha haigawanyiki kwa n, baki ni lazima liwe 1. Haisemi kwamba kila nambari inayoacha baki 1 ni tasa. Hata 341, ambayo ni 11 × 31, hupita kwa 2, ingawa hunaswa mara tu unapojaribu 3, kwa kuwa baki huwa 56.

561 ni sugu zaidi, japo mwanafunzi wa shule ya msingi angeinasa bila kompyuta: 5 + 6 + 1 ni 12, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, na ukiendelea utapata 3 × 11 × 17. Siri yake imo katika vigawo hivyo. Nambari yoyote isiyogawanyika kwa 3, 11 wala 17 ikipandishwa hadi kipeo cha 2 huacha baki 1 ikigawanywa kwa 3, hadi kipeo cha 10 ikigawanywa kwa 11, na hadi kipeo cha 16 ikigawanywa kwa 17. Kwa kuwa 560 hugawanyika kwa 2, kwa 10 na kwa 16 pia, kipeo cha 560 huacha baki 1 kwa vigawo vyote vitatu kwa pamoja, na kwa hiyo kwa 561 yenyewe. Ungejaribu 3, ungepata 375, lakini huko ni kubahatisha kigawo.

Nambari za aina hii huitwa nambari za Carmichael, na 561 ndiyo ndogo kuliko zote. Zinazofuata ni 1105 na 1729. Mwanahisabati Korselt alitoa sharti la kuzitambua mwaka 1899, na mwaka 1994 wenzake Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho, kwa hiyo kuziorodhesha ndani ya programu si dawa.

Dawa ni kipimo cha Miller na Rabin, ambacho hutazama pia njia ya kufikia 1. Andika 560 kama 16 × 35. Anza na 2 kwa kipeo cha 35, upate baki 263, kisha zidisha kila baki kwa lenyewe: 166, 67, 1. Nambari tasa hairuhusu 1 itokane na kitu kingine isipokuwa 1 au n − 1, na 67 si mojawapo. Zaidi ya hayo, kigawo kikubwa cha shirika cha 66 (yaani 67 − 1) na 561 ni 33, kwa hiyo kipimo kimeivunja nambari yenyewe.

Kwa nambari zilizo chini ya 2 kwa kipeo cha 64, inatosha kujaribu nambari tasa 12 za kwanza, yaani 2 hadi 37. Lakini kama zako hazizidi milioni moja, mimi ningegawanya tu kwa nambari tasa zilizo chini ya 1,000, ambazo ni 168.