Harusi, Maulidi na Mapango: Majibu kwa Wanaopiga Picha Bila Flashi

Mfungo Mosi umeingia, kumbi za Tanga zimejaa, na maswali yanayonifikia ni yale yale: picha za ndani zimecheza (zimetoka na ukungu kwa mtikisiko), bi harusi hana sura, flashi imekatazwa, nifanyeje. Nimechagua yenye kitu cha kuzungumza. Mkisoma jibu la kwanza vizuri, nusu ya barua za mwezi ujao hazitakuwa na haja.

*Nina Canon na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Ukumbini bila flashi kila picha inacheza. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) siipandishi kupita 800 kwa sababu ya chengachenga. Ninunue kamera mpya? (Mpigapicha, Makorora)*

Kaka, kamera yako haina kosa. Sijui ni nani aliyewaambia vijana wa mji huu kwamba ISO 800 ni mwisho wa reli, lakini amewaharibia albamu nyingi sana.

Tupige hesabu. Ukumbi wa kawaida, taa za darini tu. Umevuta lenzi mpaka 55, kwa hiyo tundu la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa ISO 800 kamera inakupa shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ya sekunde 1/15. Kwa kasi hiyo bwana harusi akigeuza shingo tu, ameshacheza. Peleka ISO 3200, unapata 1/60. Peleka 6400, unakaribia 1/125, na hapo mtu anayezungumza au maharusi wanaoingia kwa mwendo wa madaha wanashikika. Wakianza kucheza muziki utahitaji 1/250 na zaidi.

Chengachenga zitakuwepo, sikatai. Ichape picha hiyo kwa saizi ya albamu kisha uniambie umeziona wapi. Na hata ukiziona, programu za siku hizi zinazipunguza vizuri tu. Picha iliyocheza haina programu wala mganga.

Halafu wapo wajanja wanaoacha ISO chini, wanapata picha ya giza, wakifika nyumbani wanaiangaza kwenye kompyuta. Chengachenga zinazotoka hapo ni zile zile, mara nyingi mbaya zaidi, na rangi ya ngozi inakuwa kama majivu. Weka ISO inayotakiwa pale pale ukumbini.

La pili, acha kuvuta. Lenzi yako ikiwa kwenye 18 inafunguka mpaka f/3.5, ukifika 55 ni f/5.6, umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga kwa uvivu wa kupiga hatua nne. Sogea kwa miguu. Usisogee tu mpaka puani kwa mtu ukiwa kwenye 18, maana utampa pua ambayo hakuzaliwa nayo.

La tatu, kama hela ipo, nunua lenzi ya 50mm f/1.8, hata iliyotumika. Ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote, na inaingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya ule wa f/5.6. Ukumbi ule ule, ISO ile ile 800 unayoipenda, shata inaruka kutoka 1/15 hadi kwenye 1/125. Hakuna bodi mpya (kamera bila lenzi) itakayokupa hivyo kwa fedha hizo. Kwa lenzi hiyo kwenye kamera ya kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kama yako usishuke chini ya 1/80 ukiwa umeishika mkononi. Na usinijie na habari za lenzi yenye kutuliza mtikisiko. Inatuliza mkono wako. Bwana harusi haimtulizi.

*Kamera gani ni nzuri kwa picha za ndani? (Wasomaji wengi)*

Uliyo nayo. Swali hili nimelifunga.

*Napiga upande wa kina mama, siku ya singo na siku ya ukumbi. Kamera inahangaika kutafuta fokasi, mbele nyuma, mbele nyuma, na ikishika picha imecheza. Wageni wengi wamevaa mabuibui. (Dada, Ngamiani)*

Dada, hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu lina matatizo mawili na watu hudhani ni moja.

Fokasi ya kamera inatafuta mahali ambapo weusi unakutana na weupe. Ukiielekeza kwenye kifua cha buibui jeusi tupu, haioni kitu cha kushika. Kanzu nyeupe isiyo na kitu ni vile vile. Chagua nukta moja ya fokasi, ya katikati, ambayo kwenye kamera nyingi za kioo cha ndani (DSLR) ndiyo yenye macho makali kuliko nyingine. Iweke pale mtandio unapopakana na uso, au kwenye wanja wa jicho, au kwenye ua la hina kama mikono iko usawa wa uso. Kwa wanaume tafuta tarizi ya shingo ya kanzu au ukingo wa kofia. Ikishika, piga. Usikae ukiyumba, maana kwa f/1.8 ukiwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali haizidi upana wa vidole vinne.

Tatizo la pili ni kipimo cha mwanga. Kamera ikiona fremu imejaa mabuibui, inadhani chumba kina giza kuliko kilivyo, inapunguza kasi ya shata ili iangaze. Matokeo yake buibui linakuwa la kijivu, uso unaungua kwa weupe, na juu ya hayo picha inacheza. Punguza fidia ya mwanga (ile alama ya +/-) hadi -1. Weusi unarudi kuwa weusi na shata inaongezeka mara mbili, bure kabisa.

Hukuniuliza, lakini nasema. Picha za upande wa kina mama si za kurusha status. Wageni wamevua mitandio kwa kuamini waliomo ndani ni wanawake na kamera ni yako. Kadi ya memori usimwachie kijana wa duka la kuchapa aondoke nayo akuletee kesho. Kaa naye, chapa, ondoka nayo. Nawajua wapigapicha wazuri waliokosa kazi mji mzima kwa picha moja iliyovuja.

*Picha zangu za ukumbini zina mistari ya giza iliyolala. Kamera imekufa? (Fundi, Chumbageni)*

Haijafa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za mirija pamoja na LED nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya kasi inaona. Jaribu 1/100, ikigoma 1/50. Kama umewasha shata ya kimya kwenye kamera isiyo na kioo, izime, urudi kwenye ile inayolia; ya kimya ndiyo inayozaa mistari zaidi. Taa za jukwaani zenye kufifizwa zina mapigo yake, hazifuati sheria hii, utalazimika kujaribu kasi moja moja kabla wageni hawajaingia.

Na kuhusu taa za zambarau zinazopendwa na wapambaji wetu: hakuna mpangilio wa kamera unaorudisha rangi ya ngozi iliyomwagiwa zambarau. Piga RAW (faili ghafi la kamera), kisha nenda kwa fundi taa mapema, msalimie vizuri, umwombe taa nyeupe wakati wa kukata keki tu. Wengi hukubali. Hakuna anayewaomba, ndiyo maana.

*Mimi ni mtu mzima, nataka kupiga maulidi ya msikitini kwetu Mfungo Sita bila kuwasumbua watu. (Mzee, Duga)*

Shikamoo, mzee wangu. Kwanza omba ruhusa kwa imamu; najua utafanya hivyo, nawasemea wengine wanaosoma. Kisha ingia kwenye menyu uzime vitu viwili: ule mlio wa fokasi, na kitaa kidogo cha mbele kinachowaka kusaidia fokasi. Watu huzima flashi wakajiona wastaarabu, kumbe kile kitaa kinamulika macho ya msomaji kila baada ya dakika.

Kaa chini kwenye mkeka kama wenzako, viwiko juu ya magoti, au egemea nguzo. Toa pumzi nusu, bonyeza taratibu, piga tatu mfululizo. Ya kwanza hubeba mshtuko wa kidole, ya pili au ya tatu huwa ndiyo kali. Safu za kanzu nyeupe zitaidanganya kamera kinyume cha mabuibui: itatia giza. Ongeza fidia kidogo, +0.7 inatosha, ukijua kwamba itapunguza kasi ya shata, hivyo ISO nayo ipande. Wanaposimama kwa kiamu wanayumba kwa pamoja, hapo 1/60 haitoshi.

*Nilipiga familia ya watu kumi na wanane sebuleni kwa f/1.8 kama ulivyosema. Waliosimama nyuma hawaonekani vizuri. (Pongwe)*

Sikusema hivyo kwa kundi. Tundu wazi ni la mtu mmoja au wawili. Kwa safu mbili funga mpaka f/4, rudi nyuma mpaka wote waenee, lenga macho ya safu ya mbele, ISO ifidie. Afadhali zaidi, watoe barazani saa kumi na moja jioni, kivulini. Mwanga wa bure upo hatua tatu kutoka mlangoni na nyinyi mmejazana chini ya balbu moja.

*Tunakwenda Amboni na wanafunzi. Mapangoni picha zitatoka? (Mwalimu, Muheza)*

Zitatoka, ila mkononi sahau. Chukua stendi. ISO 100 au 200, f/8, shata wazi kati ya sekunde 8 na 30. Zima kutuliza mtikisiko kwa lenzi, maana juu ya stendi lenzi nyingine hujitikisa zenyewe. Weka kamera ijipige baada ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Fokasi haitashika gizani: mwanafunzi mmoja amulike jiwe kwa tochi, ushike fokasi, kisha uihamishe kwenye fokasi ya mkono (MF) isibadilike. Shata ikiwa wazi, tembeza mwanga wa tochi ukutani polepole kutoka ubavuni, usimulike kutoka ulipo. Chokaa ile ikimulikwa ubavuni ndipo mikunjo yake inajitokeza. Popo waacheni. Na mwanafunzi atakayekwaruza jina lake ukutani mrudishe kwenye basi.

*Nikitoka ukumbi wenye AC kwenda nje lenzi inajaa ukungu. Nifute kwa kitu gani? (Raskazone)*

Usifute. Ni mvuke wa pwani unagandia kwenye kioo baridi, na ukifuta unarudi. Kabla ya kutoka, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge barabara, nje subiri robo saa au zaidi mpaka ipate joto. Hiyo si hatari sana. Hatari ni kuvu. Kwa unyevu wetu, lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi ndani ya kabati miezi mitatu inaota utando kama wa buibui kwenye vioo vya ndani, na fundi wa kuufungua humpati kirahisi. Iweke kwenye kopo la plastiki linalobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kisha uitumie mara kwa mara.

*Kwenye kamera picha ni kali, nikimtumia mteja anasema zina ukungu. (Wengi)*

Umemtumia kwa WhatsApp kama picha, na WhatsApp imeibana. Itume kama dokumenti, au mpelekee kwenye flashi, ile ya kompyuta.